Anza na Msumari

Umeitandaza ramani yako juu ya meza yangu ya chenji,
Injinia Mfinanga, ukaikandamiza kwa kopo la sarafu
upepo wa Kiborloni usije ukaichukua.
Nimeangalia. Kuna vigae vya rangi ya maziwa,
kuna kioo kama cha saluni, kuna maua kwenye chungu.
Choo kizuri. Hata mimi ningehamia.
Sasa nionyeshe msumari uko wapi.

Msumari, baba. Wa kutundikia mkoba.
Mwaka wa kumi na moja huu nimekaa mlangoni,
najua sakafu ikiwa imelowa mwanamke anafanyaje:
mkanda wa mkoba anaung'ata,
mkono mmoja umekusanya sketi,
wa pili umezuia mlango, maana komeo
liling'oka zamani na kamati bado inakaa.
Hapo haja anaimaliza nusu.
Nusu nyingine anapanda nayo gari mpaka Himo.

Usiandike bado. Sikiliza kwanza.

Ilikuwa Jumanne, soko limefurika mitumba.
Bibi Makyao ameshuka kutoka Kidia
na mkungu wa mshare kichwani.
Akauliza, shilingi ngapi? Nikamwambia mia mbili.
Akautazama mlango, upana wake.
Akatazama chini, yale maji.
Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nahesabu chenji.
"Basi nitavumilia," akasema,
akageuka taratibu, kama anayegeuza lori.

Hakufika mbali.
Pale kwa Sifaeli, fundi viatu, akasimama.
Hakuinama, hakuita mtu.
Mkungu haukutikisika hata kidole kimoja.
Ila kanga ilibadilika rangi kuanzia magotini,
na vumbi miguuni pake likawa tope.

Sifaeli hakuinua macho.
Alichukua beseni lake la kulowekea ngozi
akalimwaga lote, pwaa, kwenye miguu ya yule mama,
akapiga kelele soko zima lisikie:
"Nisamehe bibi! Nimekulowesha mimi, mzembe mimi!"
Naye akamjibu, sauti imenyooka,
"Si neno, mwanangu. Maji hukauka."

Mimi ndiye sijakauka.

Kesho yake nilileta kigoda kutoka nyumbani.
Ndicho hicho umekalia.
Mwenye mkungu anauweka hapo, naulinda,
hata anayebeba kuku namshikia.
Lakini mimi nikiugua? Nikifa?
Ukuta ndio unaotakiwa kuwa na adabu,
usisubiri mtu awe na huruma.

Haya, andika.
Mlango apite mtu pamoja na mzigo wake.
Bomba imara la kushikia, goti likigoma kuinuka.
Ndoo yenye kifuniko kwa mambo ya kina mama,
iwe karibu, mkono uifikie bila kuitafuta.
Dirisha liwe juu: upepo wa mlima uingie,
macho ya wapiga debe yabaki nje.
Komeo. Andika komeo mara mbili.
Na sehemu kavu, jamani, hata kama ya sahani moja,
ya kumlaza mtoto asilazwe kwenye mapaja yangu,
ingawa kwa hilo silalamiki sana.

Maua? Weka.
Nani kakwambia nachukia maua?

Ahaa, sasa umetoa penseli.
Unauliza msumari ukae urefu gani.
Hapa. Nitazame, mkono wangu unapofika.
Hapana, ngoja.
Mimi ni mrefu, kwetu wote ni warefu.
Yule bibi alinifika hapa, begani,
na mkono wake haukupanda zaidi ya shavu.

Shusha.
Shusha tena.
Hapo.